Picha ya Ndani ya Kope

Msibani ni mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza habari za macho yangu. Kila mtu yake ni mekundu, basi yangu yanapita katikati ya mengine bila maneno. Juzi tulikuwa Gongo la Mboto kumzika Mama Zuhura, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, mtandio kichwani, nikisikiliza wanavyomsifu. Mmoja akasema marehemu alikuwa na machozi ya karibu. Mwingine akasema ni kweli, hata ukimsimulia habari za kuku aliyegongwa na bodaboda, machozi yanamtoka. Alikuwa na huruma mama yule, wakasema wote, kisha wakanigeukia, maana mimi niliishi naye nyumba moja na ilitarajiwa niongeze langu. Nikarekebisha mtandio. Zuhura, bintiye, ambaye siku hizi naye ana watoto wake, alikuwa akipita na birika la chai. Akasimama. "Mama mdogo, mbona wewe husemi kitu?" Nikamwambia nina donge kooni, na lilikuwepo kweli. Lakini nilimwona anavyonitazama. Ndivyo mama yake naye alivyokuwa akitazama, akihisi mtu kamficha jambo. Na jambo lilikuwepo. Mama yake alinifunga mdomo zamani, akaniambia nisiseme mpaka afe. Sasa amekufa, Mungu amrehemu, na mimi nasema.

Nyumba yenyewe ilikuwa Tabata, vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati, na uwani bomba, choo na kibanda cha kupikia kilichoezekwa kwa mabati. Mimi nilikuwa bado msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Mama Zuhura alikaa chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uwani, na kwa kukaa pale hakuna aliyetoka wala kuingia asimjue. Ndiye aliyepanga zamu za kufagia, ndiye aliyempigia simu baba mwenye nyumba, Mzee Kassimu, bomba likikauka. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Pendo, rafiki yangu, ambaye mumewe aliendesha lori na mara nyingi alikuwa safarini. Asubuhi nilikaanga vitumbua kibandani nikauza getini, na nikishamaliza nilimchukua mtoto mchanga wa Pendo, Brayani, ili mama yake aoge na ale chakula kikiwa bado cha moto. Mtoto yule alizoea harufu yangu ya mafuta na iliki mpaka akawa halali vizuri mikononi mwa mtu mwingine. Sikuwa na ndugu Dar es Salaam nzima. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kwetu, na wazo la kutolewa mle lilinitisha mwaka ule kuliko kitu kingine chochote.

Macho yalianza kuwasha kipindi cha baridi. Nilidhani ni mkaa mbichi, maana ule wa mwaka ule ulifuka moshi kupita kiasi. Yakawa kama yana mchanga, asubuhi yamegandana, jioni mekundu. Sikukuu ya Idi ilipofika, Mama Zuhura alinipa zawadi, kichupa cha wanja na kijiti chake, kimefungwa kwenye leso. "Huu nimeusaga mwenyewe," akasema. "Usijipake juu juu kama hao wanaonunua madukani. Upeleke ndani ya kope, kule kule ukingoni, ndiyo unakaa." Nilifurahi kupewa. Nikajipaka kama alivyonielekeza, na kweli wekundu ukafichika, jicho likaonekana jeusi na kubwa. Yalipozidi kuwasha nikazidisha wanja ili kuficha zaidi, na wanja ulipoanza kushindwa nikaenda duka la dawa nikapewa matone ambayo yaliyafanya meupe kwa saa chache, kisha wekundu ukarudi kwa kishindo. Nikatia matone, nikapaka wanja, nikatia tena matone. Hata leo nawaona wasichana wakifanya hivyo hivyo, na nikiwaambia waache wananiona mchawi wa urembo.

Kwa tabia mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akinichekea sana, nageuza fungu zima kutafuta iliyooza. Kwa hiyo nilipoanza kusikia sauti zinashuka kila nikipita korido, sikujidanganya kwamba ni bahati. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango wangu, sufuria mkononi, nikasikiliza. "Mie nilidhani anavuta bangi," sauti moja ilisema. Mama Zuhura akajibu taratibu, kama mtu anayechambua mchele: "Bangi ina harufu. Yule hanuki kitu. Macho yale si bure, jamani. Nyie mlishamwona analala?" Siku hizo hizo nikampelekea bakuli la mlenda kwa dagaa. Kwetu pale bakuli la jirani halirudishwi tupu. Hata kama huna kitu unatia ndimu au chumvi. Langu lilirudi limeoshwa, limefutwa, halina hata punje. Nililiweka chini nikalitazama kwa muda, nikahisi aibu, kisha hasira.

Halafu Brayani akaanza kulia. Alilia kuanzia alasiri mpaka giza linapoingia, miguu amekunja, tumbo limekaza. Kila mama mwenye mtoto anaujua mchango, ule msokoto wa tumbo la watoto wachanga, lakini Pendo alikuwa na mtoto wa kwanza na mume yuko njiani, na chumba cha mwisho palikuwa na mtu mzima mwenye maelezo tayari. Asubuhi moja nilikwenda kumchukua kama kawaida, nikanyoosha mikono. Pendo akarudi nyuma. Kwenye paji la uso la mtoto kulikuwa na doa kubwa jeusi la wanja, na kamba nyeusi mkononi. Doa lile hupakwa ili kumkinga mtoto na jicho baya, na sote pale tulijua jicho lenyewe ni la nani. "Da Somoe, samahani," Pendo akasema, akitazama ukuta. "Wacha leo alale." Siku iliyofuata alikuwa bado analala. Vitumbua navyo vikaanza kubaki, maana nani anataka kula chakula kilichopitia mikononi mwa mtu wa namna ile? Niliumia, sitaki kujifanya sikuumia. Nilikaa chumbani nikala vitumbua vyangu vilivyolala, nikiwa na chuki na kila mtu mwenye macho meupe.

Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuunganisha mambo yangu. Wanja alinipa nani? Yeye. Macho yalizidi lini? Baada ya wanja. Nani alikuwa na mdogo wake anayetafuta chumba, na alishauliza zaidi ya mara moja kama dirisha langu halina kelele za barabarani? Nikakinusa kile kichupa. Nikamwaga kidogo kwenye karatasi nikautazama juani. Unapokuwa na macho yasiyoona vizuri, kila unga mweusi unaonekana una kitu ndani. Nikaacha kuutumia, nikaufunga kwenye mfuko wa nailoni, na niliposikia redioni habari za kliniki moja ya macho upande wa Temeke yenye mashine mpya, nikaenda nao. Sikwenda kutibiwa, ukweli ndio huo. Nilikwenda kutafuta ushahidi.

Dokta wa pale alikuwa kijana mpole mwenye koti lililombana mabega. Akanikalisha mbele ya mashine yenye pa kuweka kidevu. "Sindano iko wapi?" nikamuuliza. "Hakuna sindano, dada. Tazama kile kitaa, usipepese." "Na damu hamchukui?" "Hatuchukui." "Sasa mtajuaje?" "Tunapiga picha tu." Nikamwangalia. Studio za picha zilijaa Tabata, sikuhitaji kuja mpaka Temeke. Maisha yangu yote kipimo kilikuwa kitu kinachouma: unadungwa kidole, unafungwa mpira mkononi, unatoka umekunja sura, na kwa sababu umeumia unaamini majibu. Kipimo ambacho hakikugusi kilinipa wasiwasi. Nikafikiria huenda wanasajili macho ya watu kama wanavyosajili vidole kwenye laini za simu. Nikaweka kidevu, lakini mkoba sikuuachia.

Mbele yangu zikawaka duara za mwanga mweupe, moja ndani ya nyingine. Dokta alisema anatazama zinavyojionyesha juu ya machozi yangu. Jicho lenye unyevu mzuri huzionyesha zikiwa nzima mpaka mtu apepese. Kwangu zilianza kukunjamana na kukatika mara moja. Kisha akaligeuza kope la chini kwa kijiti cha pamba, na hicho ndicho kitu pekee kilichonigusa siku ile, akapiga picha kwa mwanga ambao jicho halioni. Ndani ya kope zetu, alinieleza, kuna tezi ndogo zilizojipanga, zinatoa mafuta. Mafuta yale yanatanda juu ya machozi yasikauke. Alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta: vimistari vyeupe vimesimama bega kwa bega, na katikati mapengo meusi. Kwenye mapengo, alisema, tezi zimekufa. Zilizobaki nyingi zimeziba.

"Nani kaziba?" nikauliza haraka, na nikatoa mfuko wa nailoni. Alikisikiliza kisa changu chote bila kucheka, jambo ambalo nalo nililitilia shaka. Akasema wanja wowote ukipakwa ukingoni mwa kope unaweza kuziba midomo ya zile tezi, hasa kwa mtu anayekaa kwenye moshi, na yale matone ya kuondoa wekundu yamenizidishia. Wanja nauacha, matone nayaacha, asubuhi na jioni kitambaa cha maji ya moto juu ya kope kisha nazikanda. "Ndiyo, lakini aliyenipa alikusudia?" nikasema. Akanirudishia mfuko wangu. "Dada, mashine hii inaona tezi. Nia ya mtu haioni." Niliondoka nimekasirika. Nilikuwa nimepata ugonjwa bila kupata mkosaji. Hata hivyo alinichapishia picha, na nikaishika njia nzima kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja.

Nilifika wakati mzuri au mbaya, sijui niseme nini. Mzee Kassimu alikuwa ameitwa kutoka Sinza, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki uwani, na wapangaji wamesimama kumzunguka. Niliposalimia shikamoo aliitika huku akitazama viatu vyake, nikajua kikao ni changu. Akasema hana ugomvi na mimi, ila nyumba imekosa amani. Nikasema nina ugonjwa, na ushahidi huu hapa. Mzee akavaa miwani, akaigeuza picha huku na huku, akampa Mama Zuhura. Mama Zuhura aliitazama kwa muda, na nikaona uso wake unabadilika. "Astaghfirullah," akasema. "Haya si meno haya?"

Picha ikapita mkono kwa mkono. Sikuwa nimeiona hivyo kliniki, lakini alipotamka tu hata mimi niliyaona: safu ya meno meupe, marefu, mengine yameng'oka, yamepangwa ndani ya kope. Pendo akamfunika mtoto uso kwa khanga. "Macho yana meno," mtu akanong'ona, na mwingine akasema ndiyo maana mtoto halali. Nilianza kueleza habari za tezi na mafuta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Mzee Kassimu akakunja miwani. Akasema mwisho wa mwezi nimpishe chumba chake, na akaniomba nisimchukie. Nilikuwa nimeleta kwa mkono wangu mwenyewe kitu cha kunifukuzia. Nikamgeukia Mama Zuhura. "Na wewe unayo! Kila mtu anayo! Twende ukapigwe picha na wewe, kama si muoga." Sikutarajia jibu. Lakini wote walimtazama, na mtu akikataa kupimwa mbele ya watu anajitangaza mwenyewe. "Twende," akasema. "Mie siogopi mashine. Na picha yangu nitaishika mwenyewe inavyotoka, msije mkanibadilishia."

Tulikwenda wawili tu, hatukusemezana njia nzima. Kliniki alimhoji dokta kwanza, kwao wapi, kasomea wapi, na kidevu cha nani kilikuwa kwenye ile mashine kabla ya chake. Akataka ifutwe mbele yake. Akasoma dua, akaweka kidevu. "Mbona hainigusi?" akasema. "Haigusi, mama." "Kinachochukua kitu chako bila kukugusa ni mwizi," akajibu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikakubaliana naye. Picha ikatokea kwenye kioo. Mimi nilisogea nione yale meno yake, nimekwishaandaa maneno ya kumrushia. Hayakuwepo. Kulikuwa na vipande viwili vitatu pembeni, na sehemu nyingine yote ilikuwa nyeusi tupu.

Dokta akamuuliza kwa upole: "Mama, macho yako yanatoaga machozi?" "Mie nina machozi karibu," akajibu. "Ndivyo Mungu alivyoniumba." "Hata ukiwa huna huzuni? Penye upepo, ukiwa juani, ukitazama televisheni?" Mama Zuhura akaikumbatia pochi yake. Dokta akamweleza kwamba jicho lililokauka linaumia, na likiumia linamwaga machozi ya maji matupu yasiyokaa, kwa sababu mafuta ya kuyashikilia hayapo. Akamwuliza kuhusu wanja. Alijipaka tangu utotoni, ndani ya kope, ule ule anaousaga mwenyewe. Akakitoa kichupa kwenye pochi na kilikuwa ndugu wa changu. "Na huyu?" akauliza, akininyooshea kidole bila kunitazama. "Ugonjwa ni huo huo, mama. Yake yanaiva, yako yanamwaga." Nilisimama pale na shaka zangu zote mkononi, sijui niziweke wapi. Alinipa alichokuwa akijipaka mwenyewe kila siku, na kilikuwa kimemla yeye kuliko mimi.

Nje kulikuwa na benchi. Akanunua maji, akanipa chupa moja, akakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na safari hii sikujua ni ya aina gani, nadhani hata yeye hakujua. "Somoe," akasema, "nikienda msibani nikilia, wafiwa wanaridhika. Mtu akiwa na shida anakuja kwangu, anasema twende kwa Mama Zuhura ana huruma. Leo niwaambie ni kope?" Nikasema hilo si langu. "Usiwaambie. Mpaka nife." "Na mie?" nikauliza. "Mwisho wa mwezi natoka." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wewe niachie mie."

Sikumwamini. Nilipiga hesabu zangu njiani: siri yake iko kwangu, chumba changu kiko kwake, na njia rahisi ya kunyamazisha mdomo ni kuuhamisha. Tulipofika nikaingia chumbani, nikaanza kufunga vyombo, na sikio langu likabaki kwenye pazia. Nikamsikia anawaita wote korido. Akampigia Mzee Kassimu simu hapo hapo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Yule binti haondoki. Mie nimekwenda, nimeona. Ni maradhi, na kila binadamu ana vile vitu ndani ya kope, hata wewe mzee unavyo. Wewe kodi yako si unapata?" Mtu akauliza picha yake ilikuwaje. "Nzuri tu," akasema. Nikasikia mlango wa Pendo unafungwa, na sikujua umefungwa kwa kukubali au kwa kukataa. Nikaacha kufunga vyombo, lakini vilivyokwishafungwa sikuvifungua.

Kesho yake mchana Mama Zuhura alikuwa uwani, sufuria ya maji ya moto mbele yake na vitambaa viwili. "Lete hayo macho yako," akasema. Alitandika mkeka ukutani penye kivuli, tukakaa bega kwa bega, miguu imenyooka. Akakamua kitambaa kimoja akaniwekea mimi, kingine akajiwekea, na kwa waliopita alisema anafanya hivyo kunionyesha jinsi ya kufanya. Giza la moto likanifunika uso. Si jambo dogo kwa mtu kama mimi kukaa macho yamefungwa kando ya mwanamke ambaye juzi alitaka nitolewe. Niliusikiliza ua wote. Nikamsikia anainuka. Malapa yakaburuta kwenda koridoni, mlango ukagongwa, wakanong'ona, na Pendo akasema kitu kifupi ambacho sikukidaka. Malapa yakarudi polepole kuliko yalivyokwenda. Nikakaza mwili, nikisubiri sijui nini, na mapajani mwangu pakatua uzito wenye joto, unaonuka maziwa, unaojinyoosha na kutafuta pa kuegemea. Mkono wangu mmoja ulimkamata, mwingine ukapanda kukiondoa kitambaa.

"Mshike shingo," akasema Mama Zuhura, akikaa tena kando yangu. "Na usifunue macho, bado kina moto."